DAFTARI LAPUNGUZA KODI

Tulipokuwa darasani tukijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, tuliambiwa kwamba kisomo kina faida. Tukaitikia ndiyo. Lakini faida hiyo ni shilingi ngapi? Leo tutaihesabu.

Kwa mwenye duka dogo hapa Chunyu, au mwenye genge Ruangwa mjini, au fundi cherehani wa Nachingwea, faida ya kuandika inaweza kufika shilingi 70,000 kwa mwaka. Mwingine inaweza kufika 130,000, tena mwingine hata 220,000. Hela hiyo hupewi na mtu. Ni hela yako mwenyewe, inabaki mfukoni kwako kwa sababu uliandika mauzo yako katika daftari.

Ama usipoandika, hela hiyo unailipa. Tena unailipa kwa haki kabisa, kwa mujibu wa sheria. Hakuna aliyekuibia.

KODI YA ZAMANI NA KODI YA SASA

Wazee wetu waliijua kodi kwa uchungu. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba. Nyumba ya kijijini ilidaiwa rupia 3. Asiye na rupia alifanyishwa kazi. Kodi hiyo, pamoja na kulimishwa pamba kwa nguvu, ni miongoni mwa mambo yaliyoleta Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Vita hivyo vilifika mpaka huku kwetu. Walipokuja Waingereza, nao walitoza kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Hata baada ya uhuru tuliijua kodi ya maendeleo, mpaka ilipofutwa mwaka 2003.

Kodi ya kichwa haikuuliza una nini. Ilihesabu vichwa, basi. Mwenye mikorosho mia na asiye na hata mmoja walidaiwa sawasawa. Hapo daftari halikuwa na kazi. Wengi walipomwona mtoza kodi anakuja, walikimbilia porini.

Kodi ya biashara ndogo ya siku hizi si ya namna hiyo. Yenyewe inauliza swali moja: Mwaka huu umeuza kiasi gani?

Sasa swali hilo huwezi kulijibu kwa kukimbia. Ukikimbia, mwingine atakujibia. Mwenye kujibu vizuri ni yule aliyeandika.

MAUZO NI NINI?

Wengi wetu tunachanganya mauzo na faida. Tuyatenganishe.

Ukinunua bidhaa kwa shilingi 80,000, ukaziuza zote kwa shilingi 100,000, mauzo yako ni 100,000. Faida yako ni 20,000, kabla hujatoa nauli na kodi ya pango. Mfanyabiashara mdogo anatozwa kwa kuangalia mauzo. Haangaliwi faida. Ndiyo maana ni muhimu mauzo yako yahesabiwe sawasawa, yasizidishwe hata kidogo.

Tena si kila hela inayopita mikononi mwako ni mauzo. Ukiwa wakala wa kutuma na kupokea hela kwa simu, hela za watu si mauzo yako. Chako ni kamisheni. Mkopo wa kikundi si mauzo. Hela ya rambirambi uliyotunziwa na ukoo si mauzo. Lakini kama zote umezitia katika kopo moja na hukuandika, utazitenganisha kwa kitu gani?

JEDWALI LA KODI

Kodi hii ya mapato inakusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, iliyoanza kazi mwezi Julai 1996. Kwa mfanyabiashara mdogo, sheria imeweka jedwali. Jedwali lina njia mbili: njia ya asiyeweka kumbukumbu, na njia ya anayeweka kumbukumbu. Viwango vifuatavyo vilipitishwa na Bunge mwaka 2019, na mwaka wa fedha 2023/24 vilikuwa bado vinatumika:

Mauzo ya mwaka yasiyozidi shilingi 4,000,000: Hakuna kodi ya mapato.

Mauzo zaidi ya 4,000,000 mpaka 7,000,000: Asiye na kumbukumbu analipa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi 4,000,000.

Mauzo zaidi ya 7,000,000 mpaka 11,000,000: Asiye na kumbukumbu analipa shilingi 250,000. Mwenye kumbukumbu analipa shilingi 90,000 na kuongeza asilimia 3 ya kile kilichozidi 7,000,000.

Waliozidi hapo wana hesabu yao, na wenye mauzo makubwa hutakiwa kutumia mashine ya kutolea risiti, yaani EFD. Hao leo hatutawagusa.

Kumbuka: Bunge hupitisha sheria ya fedha kila mwaka mwezi wa sita, na linaweza kubadili viwango hivi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba TRA wakuonyeshe jedwali la mwaka huo. Ni haki yako kuliona.

TUHESABU PAMOJA

Chukua kalamu, ndugu msomaji. Tuchukue mfano wa dada mmoja mwenye duka la sukari, sabuni, chumvi na mafuta. Kwa mwaka mzima ameuza shilingi 5,000,000. Ameandika kila siku.

Hatua ya kwanza: 5,000,000 toa 4,000,000, inabaki 1,000,000.
Hatua ya pili: asilimia 3 ya 1,000,000 ni 30,000.

Kodi yake kwa mwaka ni shilingi 30,000.

Jirani yake, kaka mmoja, naye ameuza 5,000,000 zilezile. Duka lake ni lilelile, bidhaa zilezile. Ila hakuandika kitu. Kodi yake ni shilingi 100,000. Tofauti yao ni shilingi 70,000. Daftari na kalamu havifiki hata robo ya hela hiyo.

Tuchukue mwingine, aliyeuza 8,000,000. Akiwa ameandika: 8,000,000 toa 7,000,000 ni 1,000,000. Asilimia 3 yake ni 30,000. Ongeza 90,000, unapata 120,000. Asipoandika, analipa 250,000. Tofauti ni shilingi 130,000.

Lakini tuseme kweli yote. Si mara zote tofauti inakuwa kubwa hivyo. Aliyeuza 7,000,000 kamili akiandika analipa 90,000, asipoandika analipa 100,000. Ameokoa 10,000 tu. Hata hivyo daftari lake lina kazi nyingine kubwa zaidi, nayo ni hii ifuatayo.

HASARA YA KUSEMA "SIJUI"

Tumrudie yule kaka aliyeuza 5,000,000. Tumfanye sasa ni mama mtu mzima, amekwenda kukadiriwa kodi. Ni mfano tu, lakini wenye maduka wanaujua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, dukani kwako unauza kiasi gani kwa siku?"

"Ah, mwanangu, biashara ngumu. Sijui hata nikwambieje."

"Sema tu, mama. Siku ikiwa nzuri?"

"Siku nzuri naweza kupata elfu ishirini."

Ofisa anaandika: 20,000 mara siku 365. Jibu ni 7,300,000. Mama ameshavuka 7,000,000. Hana kumbukumbu. Kodi yake ni shilingi 250,000.

Angalia sasa! Mama hakudanganya. Kweli zipo siku anauza elfu ishirini. Ni siku za msimu wa korosho, watu wana hela. Lakini mwezi wa pili na wa tatu, mvua zinanyesha na ghala za nyumbani zimekauka, siku nyingine anauza elfu sita, siku nyingine hauzi kitu. Ukijumlisha mwaka mzima ni 5,000,000 tu. Angekuwa na daftari angelipa 30,000. Sasa ameambiwa 250,000. Neno moja, "sijui", limemgharimu shilingi 220,000.

Je, ofisa ana kosa? Hana namna. Yeye haishi dukani kwako. Asipopata daftari atauliza, atatazama shelfu, atakadiria. Na makadirio yanaweza kwenda juu.

Kwa hiyo jua hesabu hizi kwa kichwa. Mauzo ya 4,000,000 kwa mwaka ni kama shilingi 11,000 kwa siku. Mauzo ya 7,000,000 ni kama 19,000 kwa siku. Mauzo ya 11,000,000 ni kama 30,000 kwa siku. Ukitaja hela ya siku moja, ujue unajiweka katika fungu gani.

JINSI YA KUANDIKA DAFTARI

Hakuna haja ya utaalamu. Aliyemaliza kisomo anaweza. Nunua daftari gumu lisilochanika upesi. Kila jioni, kabla ya kufunga duka, andika hivi:

Tarehe 3 Novemba
Nimeuza taslimu: 18,500
Madeni niliyolipwa leo: 4,000
Jumla ya leo: 22,500

Basi. Ni mistari minne. Mwisho wa juma, jumlisha siku saba. Mwisho wa mwezi, jumlisha mwezi. Mwisho wa mwaka, jumlisha miezi kumi na miwili. Hayo ndiyo mauzo yako ya mwaka.

Mambo matano ya kuangalia:

1. Andika kila siku, hata siku ambayo hukuuza. Andika sifuri. Siku uliyofunga duka kwa sababu ya msiba au ugonjwa, andika sababu. Sifuri hizo ndizo zinazoonyesha kwamba si kila siku ni siku ya korosho.

2. Madeni yawe na kurasa zake. Andika nani amekopa, nini, lini. Akilipa, ndipo uiingize hela hiyo katika mauzo ya siku hiyo. Usiiandike mara mbili, siku ya kukopa na siku ya kulipa, utajiongezea kodi mwenyewe.

3. Tunza risiti za manunuzi. Ukienda kununua bidhaa kwa mwenye duka la jumla, dai risiti. Risiti hizo ni mashahidi wa daftari lako. Mtu aliyenunua bidhaa za 4,000,000 kwa mwaka hawezi kuambiwa kirahisi kwamba ameuza za 11,000,000.

4. Usichanganye hela ya shamba na hela ya duka. Hela ya korosho, ufuta na mbaazi iandikie ukurasa wake, na zile karatasi za chama cha ushirika zitunze. Hatusemi uzifiche. Tunasema kila hela ikae mahali pake, ili ukiulizwa ueleze.

5. Usitupe daftari lililojaa. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5. Lifunge katika nailoni, liweke mbali na mchwa na panya.

Tena usiandike uongo. Wapo wanaofikiri daftari ni la kupunguzia mauzo. Wanaandika nusu, nusu wanaiacha. Daftari la uongo halikai sawa. Risiti zitasema hivi, daftari litasema vile. Ukikamatwa, hata yale ya kweli uliyoandika hayataaminiwa, na adhabu juu yake. Daftari la kweli lina nguvu kwa sababu ni la kweli.

ANAYEUZA CHINI YA MILIONI NNE

Huenda wewe unauza vitumbua, au karanga, au samaki wa kukaanga, na kwa mwaka hufiki 4,000,000. Utasema: mimi daftari la nini? Nalo ni swali zuri.

Jibu ni kwamba wewe unalihitaji zaidi. Kodi yako ya mapato ni sifuri. Lakini ukikadiriwa 4,500,000 bila kumbukumbu, utaambiwa 100,000. Kitu kitakachoonyesha kwamba hukufika huko ni daftari lako.

Mwaka 2018 Serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kwa shilingi 20,000, kwa wale wenye mauzo ya chini ya 4,000,000. Utaratibu wake umebadilika tangu hapo. Muulize mtendaji wa kata utaratibu wa sasa, usitegemee kitambulisho cha zamani.

KULIPA KWA WAKATI

Kwanza uwe na namba ya mlipa kodi, yaani TIN. Namba hiyo hutolewa bure. Nenda na kitambulisho chako cha taifa. Mtu akikudai hela ili akupe TIN, huyo anakudanganya.

Kodi ya mwaka hulipwa kwa mafungu manne: kabla ya 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Yule dada wa 30,000 analipa 7,500 kila mara. Ukichelewa unaongezewa riba na adhabu, na deni dogo linakuwa kubwa.

Hapo ndipo penye kazi kwetu sisi watu wa kusini. Hela yetu haiji kwa miezi. Inakuja kwa misimu: ufuta, halafu mbaazi, halafu korosho kuanzia mwezi wa kumi. Fungu la Desemba tunaliweza. Fungu la Machi ndilo linalotushika shingo, maana ni wakati wa mvua na palizi. Dawa yake ni kutenga mapema. Wakati wa korosho, duka linapochangamka, toa kabisa fungu la Desemba na la Machi pamoja. Ama weka kidogo kidogo. Yule wa 30,000 akitenga 2,500 kila mwezi, hatashtuka.

Unapolipa, omba namba ya kumbukumbu ya malipo. Ulipe benki au kwa simu kwa kutumia namba hiyo. Usimkabidhi mtu hela mkononi. Ukishalipa, andika namba na tarehe nyuma ya daftari.

Ukifunga biashara, nenda ukatoe taarifa. Wengi hufunga duka kimya kimya na kurudi shambani. Wakija kufungua tena, wanakuta deni la miaka waliyokuwa hawauzi kitu.

UKIONA UMEONEWA

Ukipewa makadirio makubwa kuliko mauzo yako, usigombane wala usikimbie. Kwanza rudi na daftari uombe maelezo. Msipokubaliana, sheria inakupa siku 30 tangu upokee makadirio kupeleka pingamizi kwa maandishi. Na wakati unapinga, unatakiwa ulipe kile usichobishania, au theluthi moja ya kodi uliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa kati ya viwili hivyo. Siku 30 zikipita, neno lako linakuwa zito kusikilizwa.

Angalia tena: pingamizi ni la maandishi. Na ushahidi wake ni maandishi. Asiyeandika ataweka nini mezani?

USHURU WA HALMASHAURI NI KITU KINGINE

Watu wengine wanasema: "Mbona nimeshakatwa kwenye korosho? Kodi gani tena?" Ushuru wa mazao ni wa halmashauri ya wilaya. Kodi ya mapato ni ya TRA. Kila mmoja una njia yake.

Mwaka 2017 Serikali ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 mpaka asilimia 3 kwa mazao ya biashara, na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Sheria inamtaja mnunuzi kuwa ndiye mlipaji. Tena mwaka huohuo iliondolewa kero ya kumtoza mtu anayesafirisha mzigo wa mazao usiozidi tani 1 kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Ukisafirisha magunia matatu ya mahindi kutoka Ruangwa kwenda Nachingwea na mtu akakusimamisha, muulize kwa upole anatoza kwa sheria ipi, na udai stakabadhi.

MWISHO

Ndugu msomaji, wenye maduka wana msemo wao: Mali bila daftari hupotea bila habari. Tulidhani msemo huo ni wa madeni tu. Kumbe ni wa kodi pia. Kulipa kodi ni wajibu wa kila mmoja wetu, maana barabara, zahanati na shule havijengwi kwa maneno. Lakini sheria inataka ulipe unachopaswa. Haitaki ulipe cha kukisia.

Leo jioni, kabla hujazima taa, andika mstari wa kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Fundi baiskeli amepata 6,000,000 kwa mwaka. Atalipa kiasi gani akiwa na daftari? Asipokuwa nalo je?

2. Mwenye duka ameuza 9,000,000. Atalipa kiasi gani akiwa na daftari? Asipokuwa nalo je?

3. Katika kijijini kwenu, ni miezi gani hela ni nyingi, na ni miezi gani hamna? Fungu la Machi mtalitenga lini?

Majibu: (1) 60,000, bila daftari 100,000. (2) 150,000, bila daftari 250,000. (3) Jibuni wenyewe.